Kijana mwenye baipola: Dalili za kurudiwa huonekana nyumbani kabla ya hospitali

Kijana anaporuhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili, familia hurudi nyumbani na mfuko wa dawa, kadi ya kliniki na swali moja ambalo wengi huogopa kulitamka mbele yake: ugonjwa utarudi lini?

Swali hilo si dogo. Kwa kijana mwenye ugonjwa wa baipola, kurudiwa mara moja kunaweza kumgharimu mtihani wa kidato cha nne, nafasi ya chuo, kazi yake ya kwanza au urafiki alioujenga kwa miaka. Wakati mwingine kunaweza kumgharimu uhai. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wamekuwa wakitafuta njia ya kujua mapema nani yuko karibu kurudiwa.

Majibu waliyopata yana habari mbili kwa mzazi. Ya kwanza ni ngumu: kurudiwa ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, hata kwa kijana anayetunzwa vizuri. Ya pili inatia moyo: mara nyingi ugonjwa haurudi ghafla. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya huonwa kwanza na watu wanaoishi na kijana, siyo daktari anayemwona mara moja kwa mwezi.

Ugonjwa wenyewe ukoje

Baipola ni ugonjwa wa akili unaovuruga hisia, nguvu za mwili, usingizi na namna ya kufikiri. Mgonjwa hupitia vipindi viwili vinavyopingana.

Kimoja ni cha sonona. Kijana anakosa raha hata kwa vitu alivyovipenda, anajitenga, anachoka bila kufanya kazi, anajiona hana thamani. Kingine huitwa mania. Hapo anachangamka kupita kiasi au anakuwa na hasira isiyo ya kawaida, anaongea haraka, analala saa mbili tatu na kuamka akiwa na nguvu tele, anatumia pesa ovyo na kujiona anaweza kila kitu. Mania ikizidi, anaweza kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo.

Kati ya kipindi kimoja na kingine, wengi hurejea katika hali yao ya kawaida. Lakini wapo wanaopata dalili za pande zote mbili kwa wakati mmoja: akili inakimbia huku moyo umejaa huzuni. Hali hiyo ya mchanganyiko ni ya hatari na inahitaji daktari haraka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na baipola mwaka 2019. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya ujana na miaka ya ishirini, yaani wakati wa sekondari na chuo. Kwa kuwa umri huo una misukosuko yake, mania huitwa ukaidi, bangi au majini, na sonona huitwa uvivu. Familia nyingi hufika hospitali baada ya kuzunguka kwingine kote.

Jambo moja mzazi anapaswa kulijua mapema: malezi mabaya hayasababishi baipola. Ni ugonjwa ambao urithi una nafasi kubwa ndani yake, na huonekana zaidi katika koo ambazo ndugu wa karibu aliwahi kuugua.

Vijana 413 walichofundisha

Moja ya tafiti kubwa zaidi kuhusu vijana wenye baipola ilianza mwaka 2000 nchini Marekani, ikiongozwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Brown na California, Los Angeles. Watoto na vijana 413 waliandikishwa wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 17, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mingi.

Ripoti ya mwaka 2009 ya timu hiyo, chini ya daktari Boris Birmaher, ilionyesha kuwa takriban miaka miwili na nusu tangu kipindi cha ugonjwa kuanza, asilimia 81.5 ya vijana walikuwa wamepata nafuu kamili. Hiyo ni habari njema. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu mwingine, asilimia 62.5 walikuwa wamerudiwa, na wengi wao walirudiwa na sonona.

Mzazi anaweza kuzisoma takwimu hizo kwa namna mbili. Akizitazama kwa hofu, ataona kijana wake amehukumiwa. Akizitazama kwa utulivu, ataona kuwa kupona kunawezekana kwa wengi, na kwamba kurudiwa si ushahidi kuwa kijana ni mkaidi, dawa ni feki au mama amezembea. Ni tabia ya ugonjwa, kama pumu au kifafa, na hupangiwa mkakati.

Kikokotoo cha kurudiwa

Mwaka 2020 timu hiyohiyo ya Pittsburgh ilichapisha kikokotoo cha kukadiria uwezekano wa kijana mmoja mmoja kurudiwa na ugonjwa. Walitumia taarifa za vijana zaidi ya 300 waliokuwa wamepata nafuu, wakaangalia ni mambo gani yaliwatofautisha waliorudiwa na wasiorudiwa. Mambo manne yalikuwa na uzito mkubwa.

La kwanza ni muda tangu apate nafuu. Kadiri muda huo ulivyo mfupi, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Kijana aliyetulia kwa mwezi mmoja bado yuko kwenye utelezi. Aliyetulia kwa miaka miwili amesimama mahali pagumu zaidi. Hili linagusa kosa linaloonekana katika familia nyingi, la kulegeza ufuatiliaji mara tu kijana anapoonekana mzima. Miezi ya mwanzo baada ya nafuu ndiyo ya kuwa makini kuliko yote.

La pili ni umri mdogo wakati wa kupimwa. La tatu ni ugonjwa kuanza mapema: aliyeanza kuugua akiwa na miaka 10 ana hatari zaidi ya aliyeanza akiwa na miaka 19. La nne ni ukali wa sonona aliyowahi kuipata. Familia hukumbuka zaidi mania kwa sababu ina kelele na majirani waliiona, lakini sonona nzito ya kimyakimya ndiyo inayopaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili.

Mambo hayo manne mzazi hawezi kuyabadilisha, ila anaweza kumweleza daktari kwa usahihi: ugonjwa ulianza lini hasa, vipindi vingapi vimepita, vya aina gani, vilidumu kwa muda gani. Maelezo hayo humsaidia daktari kuamua nani aje kliniki kila wiki mbili na nani anaweza kukaa miezi mitatu.

Kikokotoo hakitaji siku

Hata hivyo, kikokotoo kama hicho kina mipaka. Kinatoa uwezekano, hakitoi tarehe. Ni sawa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kutangaza kuwa msimu huu mvua zitakuwa juu ya wastani. Mkulima anajiandaa, lakini siku ya kuanua nguo ataijua kwa kuangalia angani.

Tena, kilitengenezwa kwa taarifa za vijana wa Marekani, wenye mfumo wao wa matibabu na maisha yao. Ni chombo cha daktari, na mzazi hapaswi kukitafuta mtandaoni na kumsomea mtoto asilimia zake wakati wa chakula cha jioni.

Kinachokaribia kutaja siku ni dalili za awali za kijana mwenyewe. Kila mgonjwa ana mtiririko wake, na mara nyingi mtiririko huo hujirudia kila anaporudiwa. Mmoja huanza kwa kuamka saa tisa usiku na kufagia uwanja. Mwingine huanza kutuma ujumbe mrefu kwa watu asiowasiliana nao. Mwingine huacha kuoga, au huanza kuuliza maswali ya dini mfululizo, au huhama sebuleni na kulia chumbani.

Utafiti uliofanyika eneo la Manchester nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 1999 ulipima faida ya kuzijua dalili hizo. Wagonjwa 69 wa baipola waligawanywa katika makundi mawili. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida, lakini kundi moja lilipata vipindi kati ya 7 na 12 vya kufundishwa kuzitambua dalili zao za awali na kutafuta matibabu mara zinapojitokeza.

Katika kundi lililofundishwa, ilichukua wiki 65 hadi robo ya wagonjwa kurudiwa na mania. Katika kundi jingine ilichukua wiki 17 tu. Tofauti hiyo ni karibu mwaka mzima wa shule au kazi.

Mafunzo hayo hayakupunguza vipindi vya sonona, na sababu inaeleweka. Mania hubisha hodi kwa nguvu. Sonona huingia polepole, na mgonjwa mwenyewe huiona kama uchovu au ukweli kuhusu maisha yake. Ndiyo maana kwa sonona jicho la mtu mwingine lina kazi kubwa zaidi.

Mawingu ya kuangalia

Dalili ya awali inayotajwa zaidi kabla ya mania ni kubadilika kwa usingizi. Lakini si kila kukosa usingizi ni mania. Kijana aliyekesha akisoma au akiangalia mpira ataamka amechoka na atasinzia mchana. Anayeelekea kwenye mania hulala kidogo na hachoki. Hiyo ndiyo tofauti ya kuitafuta.

Nyingine ni kuongea haraka na kurukia mada, kuanzisha mambo mengi kwa wakati mmoja, kukopa au kugawa pesa, kuvaa au kujipamba tofauti na kawaida yake, hasira za ghafla pale anapozuiwa, na kujihusisha na mapenzi kwa namna isiyo yake.

Upande wa sonona, mzazi huona kijana akilala sana au kukosa usingizi alfajiri, kupoteza hamu ya kula, kuacha kujibu simu za marafiki, alama kushuka, kulalamikia kichwa na tumbo visivyoonekana kwenye vipimo, na maneno ya kujidharau.

Vijana wote hukasirika na kujifungia chumbani. Ili kutofautisha ujana na ugonjwa, yapo maswali matatu rahisi. Je, hali hii imedumu kwa siku kadhaa mfululizo? Je, dalili zimekuja kwa pamoja, mbili au tatu, badala ya moja? Je, ni tofauti na alivyo yeye mwenyewe akiwa mzima? Majibu yakiwa ndiyo kwa yote matatu, kuna cha kumpigia simu daktari.

Chukua mfano wa binti wa miaka 17 ambaye akiwa mzima hulala saa nne usiku na ni mpole. Jumatatu analala saa saba. Jumatano anaanza kupika vitumbua vya biashara usiku wa manane. Ijumaa anamfokea bibi yake na kuomba pesa za kukodi fremu. Ukitazama tukio moja moja, kila moja lina maelezo. Ukiyaweka kwenye mstari, ni wiki moja inayoeleweka vizuri sana, na ni wiki ambayo matibabu bado yanaweza kurekebishwa bila kulazwa.

Usingizi, mikesha na bweni

Chuo Kikuu cha Pittsburgh ndiko pia mwanasaikolojia Ellen Frank na wenzake walikotengeneza tiba inayojengwa juu ya ratiba ya siku: kuamka, kukutana na watu, kuanza kazi, kula na kulala kwa saa zilezile. Katika utafiti wao wa mwaka 2005 uliohusisha watu wazima 175 wenye baipola, waliopata tiba hiyo mwanzoni mwa matibabu walikaa muda mrefu zaidi bila kurudiwa.

Kwa familia, hilo lina maana kwamba saa ya kulala ni sehemu ya matibabu kama kidonge. Na nyakati za hatari zinajulikana kwenye kalenda: wiki za mitihani, misiba na harusi zinazokesha, mikesha ya ibada, safari ndefu za basi za usiku, na siku za kwanza za kurudi bweni.

Haimaanishi kijana afungiwe ndani. Inamaanisha kupanga. Anaweza kwenda kwenye harusi na kurudi saa tano. Anaweza kusali mchana badala ya kukesha. Shuleni, mwalimu wa malezi, matroni au patroni anayeaminika anapaswa kujua mambo mawili tu: dawa inanywewa saa ngapi, na asilazimishwe kujisomea hadi usiku wa manane. Kabla ya kumweleza yeyote, kijana aulizwe ni nani yuko tayari ajue.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani hubadilisha usingizi, muda wa dawa na kiasi cha maji mwilini kwa pamoja. Mazungumzo na daktari yafanyike wiki kadhaa kabla ya mfungo, siyo siku ya kwanza ya daku.

Bangi, pombe, mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo huvuruga usingizi na hisia. Kwa kijana huyu hata kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu usiku wa mtihani si jambo dogo.

Dawa: makosa yanayorudisha ugonjwa

Kuacha dawa ghafla ni miongoni mwa njia za haraka za kurudiwa. Kijana huacha kwa sababu anajisikia mzima, amenenepa, mikono inatetemeka, au wenzake wa bweni wanamcheka. Mzazi anayeuliza kwa upole kuhusu madhara hayo hupata ukweli mapema. Anayefoka hupata vidonge chini ya godoro. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, lakini hawezi kurekebisha asichoambiwa.

Anayetumia lithiamu anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu kiasi kinachotibu na kinachodhuru havijaachana sana. Kuharisha, kutapika, jasho jingi au kukosa maji huongeza lithiamu kwenye damu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana kila duka la dawa, hufanya vivyo hivyo. Kijana akianza kutetemeka sana, kuyumba, kutapika au kuongea kwa kuburuza ulimi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Jambo la pili la kuangalia ni dawa za sonona zinapotolewa peke yake. Kijana mwenye baipola akienda zahanati akiwa na huzuni na hakuna anayejua historia yake, anaweza kupewa dawa ambayo bila kituliza hisia humsukuma kwenye mania. Jina la ugonjwa na dawa anazotumia viandikwe kwenye karatasi anayotembea nayo.

La tatu linawahusu wasichana. Dawa ya valproeti, inayotumika pia kwa kifafa, inaweza kusababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni, na WHO inashauri isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata ujauzito. Mzazi ambaye binti yake anaitumia asiisitishe mwenyewe; amwulize daktari kuhusu dawa mbadala.

Ufuatiliaji usigeuke upelelezi

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mzazi aliyeshuhudia mania moja hawezi kuisahau, na hofu humfanya ageuke askari. Anahesabu vidonge, anapekua simu, anagonga mlango kila saa. Kijana akicheka sana anaulizwa kama amekunywa dawa. Akinuna anaulizwa vilevile. Baada ya muda hana tena haki ya kufurahi au kukasirika kama wenzake, na anaanza kuficha kila kitu, zikiwemo dalili zenyewe.

Madhara yake ni zaidi ya ugomvi. Tangu miaka ya 1980, mwanasaikolojia wa Marekani David Miklowitz na wenzake wameonyesha kuwa wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, kejeli na maneno makali hurudiwa zaidi. Yaani namna ya kumwangalia mgonjwa yenyewe ni sehemu ya hatari.

Habari njema ni kwamba namna hiyo inafundishika. Mwaka 2003 Miklowitz alichapisha matokeo ya wagonjwa 101 waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Walioshiriki tiba ya pamoja na familia zao, wakajifunza kuhusu ugonjwa, kusikilizana na kutatua matatizo, walirudiwa kwa asilimia 35. Waliopata huduma fupi walirudiwa kwa asilimia 54. Wote walikuwa wakitumia dawa.

Simu nayo si mkombozi peke yake. Nchini Denmark watafiti waliwapa wagonjwa programu ya simu ya kujaza hisia, usingizi na shughuli za kila siku. Katika jaribio la wagonjwa 78 lililochapishwa mwaka 2015, programu hiyo haikupunguza dalili kwa ujumla, na kulikuwa na ishara kuwa waliojifuatilia walibaki na sonona zaidi. Kujipima kila siku bila mtu wa kuzungumza naye kunaweza kumfanya mgonjwa aishi akiuangalia ugonjwa wake.

Makubaliano ya wakati wa afya

Njia inayopendekezwa na wataalamu wengi ni kuandika mpango pamoja na kijana akiwa mzima, kwa maneno yake mwenyewe. Daftari la kawaida linatosha. Familia nyingine hutumia rangi za taa za barabarani.

Kijani ni hali ya kawaida: analala saa ngapi, anapenda nini, anaongeaje. Ukurasa huu husahaulika, lakini bila huo hakuna cha kulinganisha. Njano ni dalili zake tatu au nne za awali. Nyekundu ni hali ambayo lazima aende hospitali hata akikataa.

Kando ya kila rangi huandikwa nani atafanya nini. Kwa mfano, njano ikiwaka siku mbili, dada mkubwa ndiye atakayemwambia, kwa kuwa ndiye anayemsikiliza. Simu inazimwa saa tatu usiku. Pesa za ziada anashika mjomba. Kliniki inapigiwa simu bila kusubiri tarehe ya kadi. Kijana akishiriki kuyaandika hayo, siku ya kutekelezwa hayatakuwa amri ya baba. Yatakuwa neno lake mwenyewe.

Kila jioni zinatosha dakika mbili: saa alizolala, hisia kwa namba moja hadi kumi, dawa kanywa au hakunywa. Kijana aandike mwenyewe. Mzazi anaweza kuwa na safu yake ndogo pembeni, inayoonekana na wote. Wakitofautiana, kwamba yeye ameandika tisa na mama ameona hatari, tofauti hiyo yenyewe ni taarifa ya kumpelekea daktari.

Na lugha ina uzito. "Umeanza tena?" hufunga mlango. "Nimeona siku tatu hulali vizuri, na tuliandika kuwa hiyo ni njano. Wewe unaonaje?" huuacha wazi.

Hali isiyosubiri

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari. Kijana akisema anataka kufa, akiaga watu, akigawa vitu anavyovipenda, akiacha kabisa kula au kulala, akisikia sauti zinazomwamuru au akitishia kudhuru watu, asiachwe peke yake. Dawa zote za nyumbani, sumu za panya na za shamba, kamba na visu viondolewe, na apelekwe hospitali mara moja. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema.

Nchini Tanzania huduma za kibingwa zinapatikana Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma, Muhimbili jijini Dar es Salaam na hospitali za rufaa za kanda, na kwa Kenya, Hospitali ya Mathari, Nairobi. Hospitali iliyo karibu ndiyo ya kuanzia. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure katika nchi zote mbili kwa ushauri.

Wapo watakaofanya yote haya na kijana akarudiwa. Hilo likitokea, familia haijashindwa. Aliyeonwa mapema kwa kawaida huugua kwa muda mfupi zaidi na hurejea shuleni akiwa hajapoteza kila kitu, na kipindi hicho huongeza ukurasa mmoja kwenye daftari: safari hii ilianzaje, nani aliona kwanza, nini kilisaidia.

Kwa nyumba ambayo kijana wake ametulia wiki hii, huu ndio wakati wa kukaa naye na kuandika ukurasa wa kijani. Akishaanza kuamka saa tisa usiku, hatakuwa na subira ya mazungumzo hayo.